Sura ya Saba: Friji Nyuma, Jicho Mbele

Soda ilikuwa vuguvugu. Mgeni hakulalamika. Alipangusa mdomo wa chupa kwa kiganja, akanywa mikupuo miwili, kisha akairudisha chupa kwenye friji kama mtu anayempa mtoto nafasi ya kujirekebisha. Ilikuwa saa nne asubuhi, Seronera, katikati ya Serengeti, na mimi dereva nilikuwa nimegeukia upande wa pili nikijifanya natafuta chui mtini.

Friji yenyewe ilikuwa mpya, ya kompresa, lita 40, imefungwa nyuma kabisa ya Land Cruiser iliyorefushwa, baada ya viti vya safu ya mwisho. Betri ilikuwa na miezi miwili tu. Mchana tukiwa njiani friji ilivuma vizuri. Usiku kambini, injini ikishazimwa, nayo ilizima baada ya dakika chache. Kitaa chake chekundu kilikonyeza mara moja, kikatulia, kikakonyeza tena, usiku kucha.

Tuliporudi Arusha nililipeleka gari Unga Limited, kwa mzee mmoja wa umeme wa magari ambaye madereva wengi wa utalii humkimbilia mambo yakishaharibika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Gari lina nini?"

"Gari zima. Friji ndiyo inazima yenyewe. Betri nimeipima, volti 12.6, imejaa."

"Umepimia wapi?"

"Pale pale kwenye betri."

"Na friji inakula wapi?"

"Huko nyuma."

"Basi kapime huko inakokula. Na upime ikiwa inakula, siyo ikiwa imelala."

Sura hii yote ni maelezo ya maneno hayo.

Nafasi isiyofika volti moja

Betri ya risasi na asidi, ile ambayo Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859, haijabadilika sana katika kanuni yake. Ya gari ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa takribani volti 2.1. Ikijaa na kutulia, inasoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikibaki nusu inasoma kama 12.2. Ikifika 11.8 imekwisha, hata kama taa za ndani bado zinawaka.

Hebu toa: 12.6 ukipunguza 11.8 unabaki na 0.8. Kati ya betri iliyoshiba na betri yenye njaa hakuna hata volti moja nzima. Nyumbani kwenye umeme wa volti 230, volti moja ikipotea ukutani hakuna atakayejua. Kwenye gari, volti moja ndiyo tofauti kati ya kushiba na kufa.

Friji nyingi za kompresa zina ulinzi wa betri. Zikiona volti zimeshuka chini ya kiwango fulani zinajizima ili zisiinyonye betri hadi ishindwe kuwasha gari. Nyingine hukupa ngazi tatu za kuchagua: ya juu hukata karibu na volti 11.8, ya kati kama 11.4, ya chini kama 10.1. Yangu ilikuwa imewekwa ngazi ya juu, na ilifanya kazi yake kwa uaminifu. Kile kitaa kilichokonyeza mara moja kilikuwa kinasema kwa lugha yake: huku nyuma sioni volti za kutosha. Mimi nikawa nailaumu friji.

Nauli ya waya

Mzee alinipa mita, akawasha friji injini ikiwa imezimwa, akaisubiri kompresa ianze kuvuma. Kisha akachukua waya mrefu, akaunganisha ncha moja kwenye chanya ya betri, na ncha nyingine kwenye mkono mwekundu wa mita. Mkono mweusi wa mita akaugusisha kwenye chanya ya soketi ya friji. Yaani chanya kwa chanya. Kwa mtu asiyezoea inaonekana kama mchezo: kama waya ni mzima, mita isome sifuri. Mita ilisoma 0.58.

Akahamia upande wa hasi, kutoka soketi ya friji hadi hasi ya betri. 0.47.

"Jumlisha," akasema.

Volti 1.05 zilikuwa zinapotea njiani. Betri inatoa 12.6, friji inapokea 11.55, inajizima. Ikishazima, umeme hautembei tena, kwa hiyo hakuna kinachopotea, na volti zinarudi 12.6 hata ukipima nyuma kabisa. Ndiyo maana fundi aliyeifunga mara ya kwanza, katika gereji moja mjini, aliniapia kwamba waya hauna tatizo. Alikuwa ameupima ukiwa umelala.

Ukitaka kulielewa jambo hili, usifikirie hesabu kwanza. Fikiria nauli. Umeme unaosafiri kwenye waya unalipa nauli ya volti, na waya mwembamba unatoza nauli kubwa kuliko mnene. Safari ikiwa ndefu nauli inapanda. Abiria wakiwa wengi, yaani ampea nyingi, inapanda pia. Na usisahau kwamba umeme hulipa kwenda na kurudi: nyaya za chanya na hasi zote zinatoza.

Sasa hesabu. Shaba ina ukinzani wa takribani omu 0.0175 kwa kila mita moja ya waya wenye unene wa milimita mraba 1. Kwenye gari lililorefushwa, kutoka betri iliyo chini ya boneti hadi nyuma, ukipitisha waya kwa adabu pembeni ya chesisi, zinafika kama mita 6. Kwenda na kurudi ni 12. Kompresa ya friji ya namna hii ikivuma inakula kama ampea 5. Zidisha urefu kwa ukinzani kwa ampea, gawanya kwa unene, nawe utapata hivi: waya wa milimita mraba 1 unameza volti 1.05, wa 1.5 unameza 0.7, wa 2.5 unameza 0.42, wa 4 unameza 0.26, na wa 6 unameza chini ya 0.18. Waya wangu ulikuwa ule wa kwanza, umechukuliwa kutoka soketi ya kiberiti cha sigara kwenye dashibodi, ukarefushwa kwa kuungwa na kufungwa tepu.

Kuna uchungu mwingine juu ya huo. Kompresa inahitaji nguvu ileile ili igandishe barafu ileile. Volti zikipungua, inajazia kwa kuvuta ampea nyingi zaidi, na ampea zikiongezeka nauli inapanda tena. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimwaga.

Kununua waya

Kwa friji iliyo nyuma ya gari refu, nunua waya wa milimita mraba 6 na usihangaike na mdogo wake. Lakini dukani kuwa macho kwa mambo matatu.

La kwanza, unene unaohusika ni wa shaba, siyo wa ganda. Kuna nyaya zenye ganda nene la plastiki na ndani nyuzi chache kama unywele. Omba muuzaji achune ncha, utazame mwenyewe.

La pili, kwangua shaba kwa kisu. Ikiwa chini ya rangi nyekundu kuna weupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Inauzwa rahisi, ila nauli yake ni kubwa, na hukatika mapema.

La tatu, usitumie waya wa nyumba wenye uti mmoja mgumu. Ukutani unakaa miaka 30 bila kusogea. Kwenye gari linalotetemeka kwenye mawimbi ya barabara kati ya Ngorongoro na lango la Naabi, uti ule unapindika maelfu ya mara kwa siku hadi ukatike ndani ya ganda, mahali usipopaona. Waya wa gari uwe wa nyuzi nyingi laini.

Ncha za waya zivishwe vichwa vya shaba vilivyobanwa kwa koleo la kubania, siyo kuviringishwa kwenye skrubu kwa vidole. Ukimaliza kubana, vuta kwa nguvu zako zote. Ukichomoka, afadhali umechomoka gereji. Kila mahali waya unapopita kwenye tundu la bati, tundu livishwe kipete cha raba, maana ukingo wa bati ni kisu chenye subira.

Ile soketi ya kiberiti iache kwa ajili ya simu. Iliumbwa kuwasha sigara kwa sekunde chache, siyo kulisha friji siku nzima. Inashikilia plagi kwa vibati viwili vya springi, na kila tuta linailegeza. Ishike baada ya saa moja ya kazi, utaikuta ina joto. Joto hilo ni volti zako. Weka plagi inayobana, kwa mfano ile ya Anderson ya ampea 50, ambayo vumbi na mtikisiko haviitishi.

Fyuzi na bati

Fyuzi haiilindi friji. Inaulinda waya, na kwa kuulinda waya inawalinda watu waliomo ndani. Betri ya gari ikipigwa shoti inaweza kutoa mamia ya ampea kwa dakika moja. Waya unageuka mwekundu, ganda linawaka, zulia linafuata. Kwa hiyo fyuzi ya ampea 15 ikae kwenye waya wa chanya, isizidi shibiri moja kutoka kwenye betri. Ukiiweka nyuma karibu na friji, mita 6 za waya kabla yake hazina mlinzi.

Upande wa hasi mafundi wengi hupenda njia ya mkato: wanafunga waya mfupi kwenye boliti yoyote ya bodi huko nyuma, bati lirudishe umeme mbele. Inawezekana, ila lazima rangi ikwanguliwe hadi bati ling'ae, na boliti isiwe na kutu. Kwenye gari langu boliti ilikuwa imepakwa rangi mara mbili na kutu ikaota chini yake, ndiyo maana upande wa hasi ulitoza karibu sawa na wa chanya. Mzee hakubishana na kutu. Alipitisha waya wa pili wa milimita mraba 6 hadi kwenye hasi ya betri yenyewe.

Angalizo moja kabla ya spana namba 10 kugusa terminali. Kuna Land Cruiser za dizeli zenye betri mbili. Nyingine zimeungwa sambamba na kutoa volti 12, nyingine zimefuatana na kutoa 24. Pima kwanza. Kwenye gari la 24 usichukue umeme wa friji kutoka betri moja peke yake: hiyo itachoka, mwenzake atachajiwa kupita kiasi, na mwishowe utazizika zote mbili.

Waya mzuri nao huua

Safari iliyofuata friji iliganda. Soda zilitoa jasho, siagi ikakatika kwa kisu. Usiku sikuizima. Asubuhi, saa kumi na mbili kasoro, wageni wameshakaa vitini na blanketi mapajani, nikazungusha ufunguo. Injini ilisema "nge", ikanyamaza.

Tulisukumwa na madereva wawili wa magari jirani, na mmoja wao bado ananitania hadi leo.

Kilichotokea hakina muujiza. Waya mwembamba ulikuwa unaidanganya friji kwamba betri imekwisha, kwa hiyo friji ilijizima mapema, na kasoro hiyo hiyo ikailinda betri. Nilipoondoa uwongo wa waya, nikashusha na kiwango cha kukata hadi ngazi ya chini ili nisisumbuliwe tena, friji ikapata ruhusa ya kunywa hadi volti 10.1. Betri iliyofika huko haiwashi dizeli ya lita 4.2.

Piga hesabu ya usiku mmoja. Ampea 5, kompresa ikivuma theluthi moja ya muda kwa sababu usiku kuna baridi, ni wastani wa ampea 1.7. Tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa 12, sawa na ampea-saa 20. Kwa betri changa ya 80 hiyo ni robo, gari litawaka. Lakini betri ya kuwashia iliyozeeka, ambayo nje imeandikwa 80 na ndani imebaki na 40, inaachwa nusu. Ongeza simu sita na kamera zinazochajiwa usiku, ongeza siku moja ya kukaa kambini bila kuendesha, na umefika kwenye "nge".

Hapo ndipo mzee aliponiambia kwamba nimeweka friji nyuma bila kuweka jicho mbele.

Jicho

Jicho lenyewe ni voltimita, iliyobeba jina la Alessandro Volta, Mwitaliano aliyetengeneza betri ya kwanza mwaka 1800 kwa kupanga visahani vya metali mbili na vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Ya kidijitali ya kuweka kwenye dashibodi ni ndogo kama sarafu. Haiongezi umeme hata chembe. Kazi yake ni kusema ukweli, na itasema ukweli wa mahali ulipoiunganisha tu.

Hili ndilo kosa la wengi. Wanaichomeka kwenye soketi ya kiberiti, kisha wanashangaa inasoma 12.1 taa kubwa zikiwashwa na 12.5 zikizimwa. Inasoma waya wa dashibodi, pamoja na nauli za kila kitu kinachokula hapo. Ukitaka habari za betri, mita iwe na nyaya zake mbili, peke yake, kutoka kwenye terminali za betri, na fyuzi ya ampea 1 karibu na chanya. Nyaya hizo zinaweza kuwa nyembamba bila dhambi: mita inakula miliampea chache tu, na asiyebeba mzigo halipi nauli.

Mimi niliweka mita moja na swichi ya njia mbili. Upande mmoja inasoma betri, upande wa pili inasoma soketi ya friji, kila upande kwa waya wake wenye fyuzi yake. Kompresa ikivuma nabofya huku na huku. Tofauti ikiwa 0.2, nalala. Ikifika 0.5, najua kuna kiungo kimelegea au kutu imerudi, na ninajua kabla ya mgeni kujua.

Namba za kukariri ni chache. Injini ikinguruma, mita isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki chini ya 13 hata ukikanyaga mafuta, tazama mkanda wa alteneta, kisha alteneta yenyewe. Ikipita 15, kidhibiti chaji kimeharibika na betri inachemka. Shughulikia siku hiyo hiyo. Unapozungusha ufunguo namba itaporomoka, hilo ni la kawaida, ila ikishuka chini ya 9.6 betri inakuaga taratibu. Injini ikishazimwa usiamini namba ya kwanza. Chaji ya juu juu inaipamba betri. Subiri saa moja au zaidi ndipo usome. Na gari lenye betri moja likionyesha 12.2 usiku, chomoa friji. Usijadiliane nayo.

Betri ya pili

Anayelala porini mara kwa mara afunge betri ya pili, ya aina inayovumilia kunyonywa, na kati ya hizo mbili aweke rilei inayohisi volti. Injini ikiwaka na volti zikapanda hadi kama 13.3, rilei inaziunganisha zote zichajiwe. Injini ikizima na volti zikashuka hadi kama 12.8, inazitenganisha. Friji inakula kwenye ya pili, na ya kwanza inalala na nguvu za kuwashia asubuhi. Kebo inayounganisha betri hizo iwe na fyuzi pande zote mbili, kwa kuwa kila betri ni chanzo na kila upande unaweza kuwasha moto. Ukichagua betri ya lithiamu, rilei haitoshi. Inahitaji chaja yake maalumu ya ndani ya gari.

Huenda ukaona haya yote ni mengi kwa ajili ya soda baridi. Mwaka fulani mgeni mmoja alinikabidhi kimfuko kidogo, akaniuliza kama friji yangu inaaminika. Ndani mlikuwa na insulini ya akiba, ambayo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 na huharibika ikiganda. Tulikuwa na siku sita mbele yetu. Nilitazama mita, ikasoma 12.7 betrini na 12.5 nyuma, kompresa inavuma. Nikaweka kipimajoto ndani ya friji, nikakipokea kile kimfuko.

Kabla hujafungua sura ya nane, fanya jambo moja. Leo usiku, saa moja baada ya kuzima injini, soma volti za betri yako uziandike kwenye karatasi. Acha friji iwake. Kesho asubuhi, kabla hujagusa ufunguo, soma tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo bei ya baridi yako kwa usiku mmoja. Ukishaijua, utajua pia unaweza kukaa usiku ngapi bila kusukumwa.